Taa za Kushoto

Mtaani kwetu hakuna mwanamke anayeujua umeme kunishinda mimi. Najua kuuwasha, najua kuuzima, na siku ule wa sebuleni ulipogoma niliipiga swichi kofi moja ukarudi kazini. Hapo ndipo elimu yangu inapoishia. Waya mwekundu na waya mweusi kwangu wote ni nyoka, na darasa la saba nililimaliza kabla mambo hayo hayajaanza kufundishwa. Au yalifundishwa siku niliyotoroka, sikumbuki vizuri.

Anayeujua umeme kweli ni binti yangu wa kwanza. Ni fundi wa mabango, yale ya kuwakawaka juu ya milango ya saluni na maduka ya dawa. Ana tupa, ana drili, ana kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ambacho kimeshanichomea vitambaa viwili vya meza. Mimi nilitaka awe mkunga. Sasa namshukuru Mungu kwamba hakunisikiliza, kwa sababu mkunga asingekuwa na la kufanya kwa lililomfika baba yake, na mimi mwenyewe umri wa kumwita mkunga umenipita, ingawa sijafunga mlango kabisa.

Baba yake, mzee wangu, alikuwa mwendesha kreni. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye kibanda cha vioo juu hewani, mkono wa kushoto kwenye kijiti cha kugeuzia, mkono wa kulia kwenye cha kunyanyulia, akishusha mabomba na marobota taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Alistaafu bila kumwangushia mtu hata kokoto. Kisha asubuhi moja, anafunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga. Akabaki ameinama vile vile, kamba mkononi, nami nikamwambia aache mzaha.

Haukuwa mzaha. Alirudi kutoka hospitali na mguu anaouburura kidogo, mkono wa kushoto mzito kama wa kuazima, na jambo la tatu ambalo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe. Upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umemfutikia.

Alinieleza msichana wa mazoezi, yule anayekuja nyumbani na viatu vyake vyeupe kumnyoosha viungo. "Macho yake ni mazima, mama. Ni ubongo umesahau kwamba kuna kushoto. Kwake kushoto hakupo, kwa hiyo hata hakutafuti."

Nilidhani ananitania, basi nikapika viazi kumpima mzee. Akala vya upande wa kulia wa sahani mpaka ukawa mweupe, akaviacha vya kushoto vimejipanga vyote, kisha akalalamika kwamba tangu augue nampunja. Nikaizungusha sahani mbele ya macho yake.

"Ahsante," akasema. "Angalau umeniongeza."

Kesho yake alinyoa ndevu za shavu la kulia tu akatoka kifua mbele. Nikamwambia amependeza, nusu.

Yote hayo ningeyacheka mpaka leo kama si mahali ninapokaa mimi. Miaka arobaini na minne nimekaa kushoto kwake. Mezani kushoto, kwenye kochi kushoto, kitandani kushoto ukutani. Hata kwenye picha ya ndoa niko kushoto, nimenuna kwa sababu viatu vilinibana. Sasa nikikaa pale, yeye anatazama runinga na kuiuliza hewa, "Hivi huyu bibie kaenda wapi?"

"Niko hapa," nasema. "Kiwiko changu kinakugusa."

Basi anageuka kulia. Anakizungusha kichwa kulia mpaka shingo inakataa, anatafuta kochini, anatafuta mlangoni, hanioni, kisha anarudi kutazama mbele, ametulia kama mtu aliyeachwa kituoni. Mimi silii ovyo. Nililia jikoni, na kulikuwa na kitunguu, kwa hiyo ile siihesabu.

Wifi yangu, dada wa mzee wangu anayemfuata kuzaliwa, hakuwa na shida yoyote. Alikuwa akija anakaa kulia, anaonekana, wanacheka mambo ya utotoni kwao, mimi niko upande wa pili kama mto wa kochi.

"Wifi, si uhamie huku?" aliniambia siku moja. "Kiti ni kiti."

"Hicho ni chako, kikalie. Mimi changu nakijua."

"Utakaa gizani mpaka lini?"

"Mpaka aje anitoe."

"Kichwa chako, wifi, kikianguka kwenye saruji, saruji ndiyo itakayopasuka."

Lakini haukuwa ukaidi wangu peke yake. Msichana wa mazoezi alikuwa ametukataza. Alisema, "Msimfuate kulia. Mkimfuata, hatakuwa na sababu ya kurudi kushoto. Mpeni kitu cha kumwita." Akaongeza kwamba miezi mitatu minne ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa. Ikipita, yatakayorudi ni machache na yatarudi kwa kujivuta. Alisema hivyo huku anafunga mkoba wake, kwa upole, bila kunitazama, nami nikaelewa kuliko kama angenipigia kelele. Wakati ule tulikuwa tumeshaumaliza mwezi wa pili.

Alikuwa ameacha mpira laini wa kuminya kwa mkono wa kushoto. Mzee wangu aliutupa chini ya kochi. Alisema yeye si mbwa.

Binti yangu alikuja Jumapili, akakaa akimtazama baba yake amelala kochini. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniita kwa kidole. Ule mkono mzito, uliokuwa ukigoma tukiuamuru, ulikuwa unacheza usingizini. Kiganja kimejikunja kidogo, kinakwenda mbele, kinarudi, kinakwenda mbele.

"Anageuza kreni," binti yangu akaninong'oneza. "Mama, baba hataushika mpira. Atashika kijiti."

Aliingia chumbani, akavuta droo ya chini ya kabati langu, akazimwaga soksi kitandani akaondoka na droo.

Aliirudisha Alhamisi na sikuitambua. Alikuwa ameigeuza chini juu ikawa sanduku, ameipiga msasa, ameitoboa matundu. Mwisho wa kushoto kulikuwa na kijiti chenye kichwa cha mviringo, ukubwa wa limau. Mwisho wa kulia kulikuwa na batani tatu nene kama vizibo vya chupa kubwa. Tumboni waya tupu. Mkia wake ukachomekwa kwenye kompyuta ndogo, kompyuta ikachomekwa kwenye runinga, na pale runingani likatokea gari jekundu linalokimbia barabarani.

"Ni kama zile mashine za kumbi za michezo," akanieleza. "Zile ulizokuwa unanikataza nisiende."

"Na ulikwenda."

"Ulijua?"

"Mtoto anarudi na vidole vyeusi na anasema alikuwa kwaya. Nilijua."

Tukaliweka sanduku mapajani mwa mzee. Kijiti ni cha kugeuza gari, batani ni za mwendo. Alifurahi, sisemi uongo, ila mkono wa kulia ukazibonyeza batani zote tatu kwa pamoja, gari likachomoka likapiga jiwe. Akarudia, likapiga jiwe lile lile.

"Kazi nzuri, mwanangu," akasema, "ila umesahau usukani."

Usukani ulikuwa pale pale, shubiri moja kutoka tumboni kwake. Ulikuwa kushoto tu, basi.

Hapo ndipo binti yangu alipokumbuka mabango yake. Alikuwa na kipande cha kioo cha plastiki kilichobaki kwenye bango la duka la miwani, kinene karibu upana wa kidole changu kidogo. Akakikata kienee juu ya sanduku, akakitoboa matundu ya kijiti na batani. Kisha akachukua utepe wa zile taa ndogondogo zinazobandikwa kama plasta, akasema ataubandika ubavuni mwa kile kioo, upande wa kushoto, ufichwe na ubao.

"Ubavuni?" nikauliza. "Taa si huwekwa juu ili ionekane?"

"Sikiliza, mama. Mwanga ukiingia ubavuni unapita ndani ya kioo mpaka upande wa pili, wala huuoni. Kioo kikiwa safi unatembea tu, kama maji ndani ya bomba. Ukikuta mkwaruzo ndipo unapotokea nje. Kwa hiyo mimi nikichora mstari, utakaowaka ni mstari."

"Na pasipochorwa?"

"Patakuwa giza. Ndiyo raha yake."

Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa neno "maji."

Alikaa barazani siku nzima. Alizisugua kingo za kioo kwa msasa na maji mpaka zikawa kama barafu, akachora kwa ncha ya chuma duara kuzunguka tundu la kijiti na mstari mmoja mrefu kushoto kabisa, toka juu mpaka chini. Nikamuuliza rangi ya taa itakuwa ipi. Akasema ya machungwa, kama ile inayozunguka juu ya kreni ikiwa kazini. Nilikwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa jikoni.

Kesho yake aliitwa kwenda kupandisha bango mahali fulani, akaacha kile kioo juu ya meza yangu. Na pale mezani nikakiona. Kilikuwa na alama za vidole, kilikuwa na gundi, kilikuwa na vumbi la msasa.

Sasa lazima niseme kitu kuhusu sufuria zangu. Wageni hujitazamia meno ndani yake. Mama yangu alinifundisha kusugua nikiwa na miaka sita: shika waya wa sufuria, tia sabuni na majivu, zungusha, zungusha, usihurumie. Sikumhurumia yeyote. Nilikisugua kile kioo cha mzee wangu kwa mapenzi yote niliyonayo, mbele na nyuma, nikakisuuza, nikakianika. Kilipokauka nilikiona kimefifia kidogo. Nikadhani bado kina unyevu.

Binti yangu alirudi, akakifunga bila kukitazama sana, maana alikuwa na haraka ya kutuonyesha. Ilikuwa saa tisa alasiri. Wifi alikuwepo, kulia kama kawaida. Tukafunga mapazia, mzee akawekewa sanduku mapajani, binti yangu akabonyeza.

Kioo kizima kikawaka. Hakukuwa na mstari wala duara. Ulikuwa ukungu wa rangi ya machungwa kutoka ukingo mpaka ukingo, na kijiti na batani vimesimama ndani yake kama watu wanaosubiri basi asubuhi ya baridi.

"Kuna moto?" akauliza mzee.

Binti yangu alipitisha ukucha juu ya kioo. Ukatoa sauti ndogo, krrr.

"Mama."

"Abee."

"Umekifanya nini?"

"Nimekiosha."

"Kwa kitu gani?"

Nilitazama dari letu. Ni dari zuri, linahitaji rangi.

"Kwa waya wa sufuria," akajibu wifi, ambaye hakuulizwa. "Na majivu. Nilimwona kupitia dirishani, nikasema moyoni, hii nyumba hata vioo vinaoshwa kama masufuria." Akacheka mpaka kilemba kikamshuka machoni.

Binti yangu hakucheka na hakufoka. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kochi, mikono juu ya magoti, na hicho ndicho kilichoniumiza. Alisema hana kipande kingine cha unene ule. Anayewaletea alisema mzigo mwingine ni baada ya wiki sita, pengine nane. Hakuna aliyehesabu kwa sauti, lakini kila mmoja wetu alihesabu. Baada ya wiki nane miezi ile ya msichana wa mazoezi ingekuwa imekwisha.

Mzee wangu aliuona ukungu wa kulia, akauzoea, akaendelea kugonga mawe. Ukungu wa kushoto haukumwita, kwa sababu kulikuwa na mwanga kila mahali na hakukuwa na mahali pa kuutafuta.

"Mikwaruzo inafutika?" nikauliza.

"Inafutika," akasema, bado yuko sakafuni. "Unasugua kwa msasa wa maji. Halafu msasa laini zaidi. Halafu laini kuliko huo. Halafu dawa ya kung'arishia, kwa kitambaa, mpaka mkono ufe."

"Nipe hiyo misasa."

"Mama, mabega yako."

"Mabega yangu yamebeba wewe na wadogo zako watatu, na wewe ulikuwa mnene. Nipe."

Akanipa. Akanionyesha namna ya kusugua kwa kwenda upande mmoja, kisha kukatiza, maji yakitiririka. Nilianzia mwisho wa kulia kwa sababu ndiko mkono wangu ulikoangukia. Siku ya kwanza nilisugua upana wa kiganja. Siku ya pili viganja viwili. Wifi alikuja akanikuta nimeinama juu ya beseni, akasimama, akauma mdomo, kisha akavua saa yake akachukua kitambaa cha kung'arishia.

"Kicheko nimekwisha kukicheka," akasema. "Sogea."

Jioni ya siku ya tatu, jua likiwa bado dirishani, tulikuwa tumefika katikati. Kulia kioo kilikuwa safi, unasoma gazeti kupitia ndani yake. Kushoto ukungu ulikuwa vile vile. Binti yangu alitaka kuona tumefikia wapi, akakirudisha juu ya sanduku, akaliweka sanduku mapajani mwa baba yake maana hapakuwa na mahali pengine pakavu, akabonyeza.

Nusu ya kulia ikabaki giza. Katikati mwanga ukaanza, ukakolea, ukazidi kukolea kwenda kushoto mpaka ukingoni ukawa kama makaa.

Mzee wangu alikuwa anatazama batani zake. Macho yake yakafika pale giza linapoishia. Yakasimama. Yakasogea kidogo, na kichwa kikayafuata.

"Nani kawasha taa huko?" akauliza.

Huko. Alisema huko, na shingo yake ilikuwa imegeuka kushoto. Wifi alinishika mkono kwa nguvu, kitambaa cha kung'arishia kikiwa katikati ya viganja vyetu, kimelowa.

Baada ya muda nikakumbuka kazi yangu, nikanyoosha mkono nichukue kioo nimalize. "Bado nusu," nikasema.

"Usikiguse," akasema binti yangu.

"Si umesema mstari?"

"Mstari wangu ulikuwa mwembamba. Asingeuona. Hiyo nusu ndiyo tunayoitaka. Iache ilivyo, mama, na tafadhali usiioshe."

Msichana wa mazoezi alipokuja alilitazama lile sanduku kwa muda, akatutazama sisi, akauliza nani alibuni kuwasha nusu nzima namna ile. Binti yangu akasema ni mama. Nikasema ni kweli, nilifanya utafiti jikoni.

Sitaki mfikiri kwamba mzee wangu alipona siku ile. Kwanza alikuwa anautazama mwanga tu, kama mtu anayeota moto. Kisha siku moja akauchukua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaubeba, akauweka juu ya kijiti, akautuliza pale. Vidole vikafunga vyenyewe. Kichwa chake kilikuwa bado kinashangaa, lakini vidole vilishafika kazini zamani. Gari likageuka, likalikwepa jiwe, na mzee akasema kwa sauti ile ya kazini ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu, "Taratibu. Taratibu. Shusha."

Kwenye chakula akala viazi vitatu vya kushoto. Shavu la kushoto likanyolewa mpaka karibu na sikio. Kila nikiona hivyo nilifurahi, kisha nilikaa kwenye kiti changu nikasubiri, naye akaiuliza runinga nimekwenda wapi. Kushoto kwake kulikuwa kumerudi mpaka kwenye ukingo wa lile sanduku. Mimi nilikuwa shubiri mbili nje ya mpaka.

Mwezi wa nne ulikuwa umeanza. Nikampigia simu binti yangu.

"Nitengenezee na mimi sanduku langu."

"La nini, mama?"

"La kuwaka. Uliweke pale ninapokaa."

Akasema, "Tafuta kopo la biskuti."

Kopo likawa sanduku langu, likatiwa kijiti chake. Kioo chake kilikuwa kipande chembamba cha mabaki, na safari hii waya wa sufuria niliutumia kwa ruhusa ya fundi. Tukaliweka kopo juu ya kigoda, kushoto kwa sanduku lake, mwanga wa moja unaendelea kwenye mwingine. Binti yangu akatuwekea mchezo rahisi kuliko yote, vibao viwili na mpira mmoja. Kibao cha kulia ni cha mzee, cha kushoto ni changu, unapandisha na kushusha kwa kijiti, mpira ukikupita mwenzako amepata bao. Kumi na moja ndiyo ushindi.

Aliupiga mpira ukaenda kushoto ukapotea. Akakaa tayari, amekunja uso. Ukarudi.

"Nani anaurudisha?" akauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mkeo."

"Uko wapi?"

"Mwisho wa taa."

Akageuza kichwa mpaka mwisho wa taa zake, akaona kwamba kuna taa nyingine, akasita, mpira ukampita. Bao. Nikacheka. Ningefanya nini?

Tatizo ni kwamba nilikuwa hodari. Mimi mwenyewe sikujua. Miaka yote hiyo kumbe nilikuwa na kipaji kimelala, na kiliamka wakati mbaya. Nilimfunga Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi akapata mabao manne, Ijumaa mawili, Jumamosi akaachia kijiti.

"Bibie, mimi nimechoka," akasema akiitazama runinga. "Sishindi hata siku moja. Mwambie fundi aje achukue vitu vyake."

"Utashinda kesho."

"Umesema hivyo tangu Jumatatu. Mpira unatoka mahali nisipopaona, nacheza na mzimu. Rudisha droo, uweke soksi zako."

Akaanza kulisukuma sanduku kutoka mapajani. Alilisukuma kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ukabaki hewani kidogo, ukitafuta kijiti kilichokuwa kinaondoka, kisha ukashuka ukalala. Nikauona ukilala. Nikajua kwamba tukilirudisha lile sanduku leo, mimi nitabaki mahali nilipo, sauti ya upande ule, mpaka mmoja wetu azikwe.

"Mchezo mmoja," nikasema. "Wa mwisho. Ukifungwa naita fundi."

Akashusha pumzi. Akaurudisha mkono mwenyewe.

Tulianza. Bao la kwanza nililicheza vizuri ili asishuku, nikalikosa kidogo tu. La pili nikalichelewa. Baada ya hapo, jamani, nilikiachia kijiti. Nikashusha mikono yangu yote miwili taratibu, nikailaza, na kibao changu kikasimama pale juu peke yake kama mlinzi aliyesinzia. Mpira ukawa unapita. Tatu. Nne. Tano. Mzee wangu akajinyoosha kwenye kochi. Mkono wa kushoto ukawa unakwenda juu na chini bila kubebwa na mtu. Akaanza hata kunitania.

"Leo vipi? Mikono imeingiwa na baridi?"

"Umebadilisha uchezaji," nikasema. "Siuwezi huu."

Sita. Saba.

"Unajitahidi lakini?"

"Najitahidi mpaka jasho linanitoka."

"Pole."

"Ahsante."

Nane. Mimi nilikuwa naitazama runinga, naugulia kila bao kwa sauti, tena naguna vizuri, nilistahili kulipwa. Tisa. Kumi. La kumi na moja likapita, runinga ikapiga vigelegele vyake, nami nikajishika kichwa kidogo kwa huzuni kisha nikairudisha mikono mahali pake.

"Umenishinda," nikasema. "Nimepigana kufa na kupona, lakini umenishinda kihalali."

Nilitegemea ashangilie, hakushangilia. Nikageuka kumtazama nikakuta amegeuka. Kichwa chake kilikuwa kimepita ukingo wa sanduku lake, kimepita kigoda, kimepita kopo la biskuti na taa zake, shingo imejipinda mpaka kola ya shati imemng'ang'ania. Macho yake yalikuwa chini. Kisha yakapanda, polepole, yakafika usoni kwangu yakakaa.

"Mikono yako iko mapajani," akasema.

Nikaitazama. Ilikuwa mapajani, kweli, mmoja juu ya mwingine, kama ya mtu aliye kanisani.

"Nimeiweka sasa hivi," nikasema. "Mchezo umekwisha, napumzika."

"Muongo," akasema mzee wangu. "Iko hapo tangu bao la tatu. Nilikuwa nakutazama."